Nimeacha sigara mara tatu bila kumwambia mtu

SWALI: "Assalaam aleikum daktari. Nina miaka 38, naendesha tuktuk, stendi yangu ni Kongowea na nyumbani ni Kisauni. Navuta tangu nikiwa na miaka 17. Kwa siku zaenda sigara 15, na ya kwanza naiwasha kabla sijapiga mswaki. Nimeacha mara tatu. Mara mbili ilikuwa Ramadhani, na zote mbili Idd haikuisha kabla sijarudia. Ya tatu nilifika siku 19, kisha nikaenda matangani Likoni, nikarudi nyumbani navuta. Sikumwambia mtu, hata mke wangu, nisije nikaaibika nikishindwa. Sasa nina kikohozi cha karibu mwezi. Je, hapa Mombasa kuna pahali mtu husaidiwa kuacha, au hayo ni mambo ya Ulaya? Na hizi bablishi za dawa zafanya kazi, au ni biashara tu?"

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Umenipandisha cheo kidogo, mimi ni mfamasia, si daktari. Miaka yangu mingi imepita nyuma ya kaunta ya kemisti hapa mjini, na nakwambia kweli, wanaume huulizia dawa ya kuacha sigara kwa sauti ya chini kuliko wanavyoulizia ya kisonono. Husubiri mpaka duka liwe tupu. Kwa hivyo siri yako si yako peke yako, na nitairudia, maana naona ndiyo iliyokuangusha.

Lakini kikohozi kwanza, kwa sababu hicho hakingoji upange siku ya kuacha. Mtu akikohoa zaidi ya wiki 2 yafaa apimwe kifua kikuu, na mvutaji zaidi, kwa kuwa uvutaji huongeza karibu maradufu uwezekano wa kuugua TB. Wengi hujiambia ni kikohozi cha sigara tu, wakakaa nacho miezi. Kupimwa makohozi na kutibiwa TB ni bure katika vituo vya afya vya serikali. Nenda wiki hii, na ukiulizwa wavuta ngapi usipunguze hesabu. Sema 15.

Sasa zile siku 19. Wewe umezitia kwenye hesabu ya kushindwa. Mimi zimenifundisha mengi juu yako. Nikotini ya moshi hufika ubongoni kwa sekunde 10 hadi 20, na kila baada ya saa 2 hivi nusu yake huwa imeshatoka kwenye damu. Ndiyo maana ukiamka wawasha kabla ya mswaki: usiku kucha mwili umekuwa ukiishiwa. Mtu akiacha kabisa, siku 2 au 3 za kwanza ndizo kali. Hasira za karibu, kichwa kizito, usingizi wa vipande, njaa isiyo na mpango. Neno arosto twalitumia kwa watu wa unga, lakini jambo ni lile lile, tofauti ni ukali wake. Baada ya wiki moja hulegea, na ikifika wiki ya tatu au ya nne kwa wengi imekwisha.

Basi siku ya 19 sehemu kubwa ya kazi ya mwili ulikuwa umeshaimaliza, na bila dawa yoyote. Kilichokurudisha Likoni ni kile kiti cha plastiki chini ya turubai. Nimekaa matanga ya kutosha kuijua picha yenyewe: kahawa imeshapita mara mbili, wanaume wamenyamaza, jamaa atoa pakiti, aigonga kwa kidole moja ichomoze, akunyoshea bila kusema neno. Kwake yeye huo ni ukarimu. Hakujua umeacha. Angejuaje?

Ukipiga hesabu, miaka 21 kwa sigara 15 kwa siku ni zaidi ya 100,000. Hata kama ulianza na chache, mkono wako umepanda mdomoni mara zisizohesabika, kwenye kahawa, kwenye msongamano wa Daraja la Nyali, baada ya chakula, baada ya ugomvi na abiria. Nikotini ikiisha mwilini mkono bado waijua njia. Kwa hivyo una shida mbili, na kila moja ina tiba yake. Ya mwili hutibiwa kwa dawa. Ya mkono, kiti na kahawa hutibiwa na watu, na watu hawawezi kukusaidia kwa jambo wasilolijua. Wanaojaribu peke yao, bila dawa wala mshauri, katika kila 100 ni 3 hadi 5 tu ambao huwa hawajarudia baada ya miezi 6 hadi mwaka. Ulikuwa ukicheza mchezo ambao karibu kila mtu hufungwa.

Kuhusu bablishi: ndiyo, zafanya kazi. Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za nikotini kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Ni biashara pia, mimi nauza, sitakudanganya. Lakini nimeona watu wakitupa pesa kwa kutojua kuitumia, kwa hivyo hapa nivumilie nikueleze kwa urefu.

Bablishi ya nikotini haitafunwi kama ya watoto. Mtu hununua, huitafuna kwa kasi kama yuko mbioni, mate yote yenye nikotini yaingia tumboni, apata kwikwi na kiungulia, kisha aja kuniambia nimemuuzia uongo. Nikotini hii yatakiwa ipenye kwenye ngozi laini ya ndani ya shavu. Ikimezwa, nyingi yapotea bure. Tafuna polepole mpaka usikie ukali kama wa pilipili manga, kisha acha. Isukume ikae kati ya shavu na ufizi. Ukali ukipoa, tafuna tena mara chache, ihamishe shavu la pili. Moja yakaa kama nusu saa. Na dakika 15 kabla yake, na muda wote ikiwa mdomoni, usinywe kahawa, soda wala juisi ya ukwaju, kwa kuwa uchachu huzuia nikotini isipenye. Maji matupu hayana neno.

Zipo za miligramu 2 na za 4. Anayewasha ya kwanza ndani ya nusu saa ya kuamka hupewa ya 4, na huyo ni wewe. Wiki 6 za kwanza weka moja kila saa 1 au 2 ukiwa macho, kisha uzipanue pole pole mpaka ufike wiki ya 12. Zisizidi 24 kwa siku. Wengi hufanya kinyume: watumia 2 kwa siku ili pakiti idumu, wangoja mpaka kichwa kiume, halafu wasema dawa haina nguvu. Bei yake si ndogo, najua. Lakini wewe wavuta sigara 450 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya moja moja ya kibandani kwenu, halafu ndio uje tubishane.

Plasta ya nikotini ni ya wale watakao kitu kitulivu cha kutwa. Mvutaji wa zaidi ya sigara 10 kwa siku huanza na ya miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Kwa joto letu, na wewe kutwa uko kwenye tuktuk, jasho huibandua. Ibandike baada ya kuoga, ngozi ikiwa kavu kabisa na isiyopakwa mafuta, juu ya mkono au mgongoni, uikandamize kwa kiganja sekunde 10. Kesho badilisha mahali. Plasta pamoja na bablishi kwa zile nyakati za kiu ya ghafla ni bora kuliko mojawapo peke yake. Kwa kawaida bablishi ni rahisi kuipata kuliko plasta, kwa hivyo pigia simu kemisti kubwa za mjini kabla hujachoma mafuta kuzizunguka.

Usiogope kwamba watibu nikotini kwa nikotini. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, kama 70 kati yake ni za kuleta saratani, na hizo hazimo kwenye bablishi. Kama umewahi kupata mshtuko wa moyo hivi karibuni, onana na daktari kwanza. Vipo pia vidonge, bupropion na varenicline, vilivyoingia kwenye orodha ile ile mwaka 2021. Hivyo ni vya kuandikiwa na daktari, na bupropion haifai kwa mwenye kifafa.

Kahawa sasa, na hili hata wauguzi wengi hawalisemi. Moshi wa tumbaku huliamsha ini lisage kafeini haraka. Ukiacha sigara, ndani ya siku chache ini hurudi mwendo wake wa kawaida, na kahawa ile ile uliyoizoea yaacha karibu mara mbili ya kafeini kwenye damu. Basi mtu wa vikombe 6 vya kahawa chungu jioni aacha sigara, aendelea na vikombe vyake 6, na usiku atetemeka, moyo wamwenda mbio, usingizi hauji. Ajiambia ni arosto, awasha moja atulie. Punguza kahawa nusu tangu siku ya kwanza. Na kwa wiki mbili tatu usiinywee kwenye baraza lile lile. Ichukue ukanywe ndani ya tuktuk, au kunywa chai. (Ikiwa nyumbani kuna anayetumia insulini au dawa za akili naye ataka kuacha, amwambie daktari wake mapema, kwani vipimo vya dawa vyaweza kuhitaji kubadilishwa.)

Hukutaja muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, na sitakuuliza mbele za watu. Ila kama huwa watafuna, jua kwamba tangu ule mvutano wa Mei 2024, kaunti ilipopiga marufuku na mambo yakaenda mahakamani, sote tumekuwa na maneno mengi juu ya muguka, na hakuna aliyetaja kwamba ndio unaowarudisha wavutaji wengi. Handasi, ule mlevi wake, ikipanda mkono wataka sigara. Wiki 4 za mwanzo kaa mbali na kikao hicho.

Nije kwa watu. Kusema "nisaidieni" hakutoshi, mtu hajui afanye nini, mwisho aanza kukunusa shati. Mpe kila mmoja kazi yake moja, iliyo wazi.

Mkeo umwambie hivi, au kwa maneno yako: "Naacha Jumamosi. Wiki mbili nitakuwa mkali na si kwa sababu yako. Usinihesabie siku, usininuse. Nikikwambia nimevuta moja, usiseme ulijua." Basi. Najua wasikia uzito. Lakini mwanamke aliyelala na moshi wako miaka yote atajua siku ya pili tu kwamba kuna kitu, na asipojua ni nini atadhani mambo mengine.

Stendi, chagua dereva mmoja asiyevuta. Kiu ya sigara haidumu. Yapanda, yafika kileleni, yashuka ndani ya dakika 3 hadi 5 hivi, uvute usivute. Kazi yake ni zile dakika tu. Ukimwambia "nipe tano," ashuke mtembee mpaka sokoni na kurudi, azungumze habari za mpira, za bei ya petroli, chochote.

Na mwenye kibanda, huyo ni mtu muhimu kuliko mimi. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 yakataza kuuza pakiti yenye sigara chini ya 10, kwa hivyo hiyo moja moja ni haramu kisheria, lakini wewe na mimi twajua inavyouzwa. Nilikuwa na mteja, fundi wa magari, aliyekwenda kwa muuzaji wake akamwachia shilingi 500. Wakakubaliana: nikija kukuomba sigara mwezi huu, hizi ni zako. Wiki ya kwanza alikwenda mara mbili. Mara zote mbili alipewa peremende na kuulizwa habari za watoto. Mwisho wa mwezi alirudishiwa 500 yake, na nadhani yule muuzaji alifurahi kuliko yeye.

Waniuliza kama msaada ni mambo ya Ulaya. Kenya iliridhia mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004, na mkataba huo wazitaka serikali ziwasaidie wanaotaka kuacha. Utekelezaji ni wa kusuasua, sitakupamba. Hutakuta bango la kliniki ya sigara kila mtaa. Lakini vitu viwili vipo. Cha kwanza ni namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ya bure, saa 24. Huko hupigiwa na watu wa pombe na dawa za kulevya, na tumbaku pia imo kwenye kazi yao. Piga saa tano usiku ukiwa peke yako kwenye tuktuk, hakuna anayekuona. Cha pili ni hospitali zenyewe. Coast General na Port Reitz zina huduma za afya ya akili, na washauri wa uraibu hukaa humo. Jina lisikutishe. Na hapo utakapopimwa makohozi, muulize afisa wa kliniki akupange na mshauri. Kwa mgonjwa wa kifua ni sehemu ya kazi yake kuulizia sigara. Usingoje akuanze yeye, foleni yao ni ndefu.

Kuhusu Ramadhani, sikulaumu, ila naona ulikuwa waahirisha, huachi. Mchana kutwa huvuti, futari yaisha wawasha, na mwili wajua wakati wake utafika. Ukitaka kuitumia Ramadhani ijayo, iwe ni pamoja na usiku wake. Bablishi mchana haiwezekani kwa mfungaji. Plasta yapitia kwenye ngozi, basi muulize imamu wako kabla mwezi haujaandama, usimuulize mfamasia.

Vingine kwa haraka. Kupunguza mpaka moja kwa siku hakukuokoi kama unavyodhani: hiyo moja yabakiza karibu nusu ya hatari ya moyo anayoibeba mvutaji wa 20. Shisha ilipigwa marufuku nchini Desemba 2017 na, sheria kando, moshi wake ni moshi. Vepu na vile vifuko vya nikotini vya kuweka mdomoni vijana wavipenda, lakini sitakushauri uviingie, kwa sababu havina mtu wa kukupimia wala mpango wa kuvimaliza. Utanenepa kidogo, kilo 4 au 5 kwa wastani, na kikohozi chaweza kuzidi wiki za mwanzo mapafu yakijisafisha. Ndiyo sababu nyingine ya kupima TB mapema, tusije tukachanganya mambo.

Ukiteleza ukavuta moja, usimalize pakiti kwa hasira. Endelea na plasta na bablishi siku ile ile, mwambie mkeo, na uangalie ilikuwa wapi na nani. Madaktari wanaume wa Uingereza walifuatiliwa tangu 1951, na matokeo ya miaka 50 yakatolewa 2004: mvutaji wa maisha yote hupoteza kama miaka 10 ya umri, na aliyeacha akikaribia 40 aliokoa kama 9 kati ya hiyo. Umri ni wa Mungu, hizo ni hesabu za wastani tu, lakini wewe una 38.

Limebaki la matanga, kwani hapa kwetu hayaishi na huwezi kutokwenda. Kabla hujavuka feri, weka bablishi 4 mfukoni. Kula nyumbani. Ukifika, toa pole, kisha usikae upande wa nje wanakovutia. Ingia ndani kwenye khitma, ukae karibu na shemeji au yeyote uliyemwambia. Yule jamaa akikunyoshea pakiti, mjibu kwa sauti ya kusikika na watu wawili watatu: "Nimeacha." Usimweleze zaidi. Mara ya pili atakapozungusha pakiti, hao waliokusikia ndio watakaomwambia akuruke.